Kufundisha Wagonjwa wa Sukari Vijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mafunzo na Vyeti

Ukurasa huu ni wa wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa lishe, CHP (wahamasishaji wa afya ya jamii) na wagonjwa wenyewe walioko Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia, Bungoma, Homa Bay na upande wa Nakuru, ambao tayari wanafundisha watu kuishi na kisukari, wawe na cheti au wasiwe nacho. Maswali yametoka kliniki, semina na vikundi vya WhatsApp. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanaumiza watu. Mengine jibu lake ni fupi tu.

Je, Kenya kuna leseni ya mwelimishaji wa kisukari?

Hakuna. Ulijue hili kabla hujatoa hata shilingi moja. Hakuna baraza la kisheria linalosajili waelimishaji wa kisukari kama kada ya peke yake. Anayekuruhusu kumhudumia mgonjwa ni baraza la kada yako: Baraza la Wauguzi kwa muuguzi, Baraza la Maafisa wa Kliniki kwa afisa wa kliniki, na KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, kwa mtaalamu wa lishe. Cheti cha kisukari kinakaa juu ya leseni hiyo. Kinakuongezea ujuzi, hakikupi mamlaka mapya. Muuguzi aliyemaliza kozi ya kisukari bado ni muuguzi, na mtu asiye na leseni yoyote hawezi kuipata kwa mlango wa nyuma wa kozi ya wiki mbili.

Wengi husikitika wakisikia hivi. Sisi tunaona kuna nafuu ndani yake: huhitaji kusubiri mtihani mmoja mkubwa wa taifa ndipo uanze kujifunza. Swali lako la msingi libadilike, lisiwe "nipate cheti gani?" bali "nijifunze kufanya nini ambacho leo sikiwezi?"

Nimeona kwenye mtandao CDCES, cheti cha waelimishaji wa kisukari cha Marekani. Naweza kukifanya nikiwa Bondo?

Kwa hali yako ya sasa, hapana. CDCES, ambacho hadi 2020 kilijulikana kama CDE, kimetengenezwa kwa wahudumu wa Marekani: kinataka leseni ya huko, angalau miaka miwili ya kazi katika fani yako, na saa 1,000 za kufundisha watu wenye kisukari, nazo zihesabiwe kutoka kazi iliyofanyika Marekani au maeneo yaliyo chini yake. Saa zako za Jumanne asubuhi pale zahanati, hata zikiwa nyingi namna gani, hazitaingia. Ukiona mtu anauza "maandalizi ya CDCES kwa Wakenya" mwulize kwanza mwanafunzi wake atakalia mtihani huo kwa leseni ipi.

Vitabu vya maandalizi ya mtihani huo ni vizuri kusoma, lakini. Sehemu za dawa, ujauzito na miguu zitakufaa popote.

Basi njia zilizo wazi kwangu ni zipi?

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lina shule ya mtandaoni yenye kozi fupi za bure na kozi ndefu za kulipia, ikiwemo ya waelimishaji. Unasoma ukiwa nyumbani, usiku, kwa simu. Hiyo ndiyo tunayompendekezea mtu asiyeweza kutoka kituoni.

Ya pili ni mafunzo ya kazini yanayoendeshwa na wizara, kaunti na wadau wao, yakifuata mwongozo wa taifa wa matibabu ya kisukari; toleo la pili la mwongozo huo ni la 2018. Haya huja kwa msimu. Ukikosa jina kwenye orodha mwaka huu, hujui ni lini tena. Mwone msimamizi wa magonjwa yasiyoambukiza wa kaunti ndogo yako, umwachie jina na namba, kisha mkumbushe. Watu wanaopelekwa semina mara nyingi ni wale wanaoonekana makao makuu, na aliye Usigu au Budalang'i haonekani.

Ya tatu ni kusoma rasmi zaidi: KMTC, au vyuo vikuu kama Maseno, Masinde Muliro na Egerton, kwa stashahada ya juu au shahada ya lishe, uuguzi au afya ya jamii. Hizi hazina jina la kisukari usoni, ila ndizo zinazokubadilishia ngazi ya mshahara.

Ya nne haina karatasi kabisa, nayo ni kukaa na mtu anayejua. Omba siku za kukaa kliniki ya sukari ya hospitali ya rufaa: JOOTRH pale Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, au ile ya Nakuru ambayo wengi bado wanaiita PGH. Ukiwa karibu na Webuye au Chulaimbo, vituo vya huko vimefanya kazi kwa miaka na AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, pamoja na vyuo vya Amerika Kaskazini vinavyoongozwa na Indiana. AMPATH ilianza na Ukimwi 2001, kisha ikaingia kisukari na presha. Hukosi muuguzi pale aliyekwisha kumfundisha mtu wa kila aina.

Cheti cha semina kinatosha?

Soma maneno yaliyoandikwa. Kikisema "amehudhuria", maana yake ulikaa kwenye kiti, ukanywa chai ya saa nne na ukatia saini. Kikisema umepimwa na ukafaulu, hapo kuna kitu. Tofauti hiyo haionekani ukutani, inaonekana siku mama analetwa anatetemeka jasho likimtoka na wewe ndiye uliye zamu.

Uliza pia kabla ya kwenda: mwenye kozi ameidhinishwa na baraza lako kutoa alama za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya kitaaluma? Alama hizo ndizo zinazokuhuishia leseni. Semina nzuri isiyo na alama bado ni nzuri, lakini usije ukaitegemea mwezi wa kuhuisha.

Zahanati yetu ina wauguzi wawili. Nikienda masomoni nani atabaki?

Hapa ndipo kizuizi chenyewe kilipo. Ada huwa inapatikana, kwa sacco, kwa chama, kwa shemeji. Mtu wa kukushikia zamu hapatikani. Zahanati ni kituo cha ngazi ya pili: chanjo, kliniki ya wajawazito, malaria, kidonda cha panga, vyote kwa mikono miwili au minne. Ukiondoka wiki mbili, mwenzako anafanya kazi ya watu wawili, na akiugua mlango unafungwa. Msimamizi anayekunyima ruhusa mara nyingi si mbaya, anahesabu watu.

Usiombe likizo ya masomo kama mtu anayeomba hisani. Nenda na mpango ulioandikwa. Sema utatoka lini, nani atashika siku zipi, na kliniki ya chanjo haitaguswa. Ukiweza, chagueni watu wawili wa vituo jirani msome kozi moja kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anasaidia pande zote mbili. Ya mtandaoni igawanye: mada moja kwa wiki, si mwezi mzima wa kujifungia. Tena andika barua mapema kupitia kwa afisa wako hadi kamati ya mafunzo ya kaunti, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013, kwa hiyo barua iliyopelekwa wizarani Nairobi inazunguka tu.

Kaunti ikikulipia, tarajia kutia saini mkataba wa kuitumikia kwa muda fulani baada ya masomo. Usome. Kuna waliotaka kuhama wakakuta wanadaiwa.

Mtandao wetu ni wa shida.

Pakua masomo ukiwa mjini siku ya soko, uyasome nje ya mtandao. Mtihani wa mwisho ufanyie mahali penye umeme na mtandao wa uhakika; maktaba ya chuo jirani itakusaidia kuliko saiba ya kelele. Chaji simu.

Mimi ni CHP na nimepewa glukomita, kile kipimo cha sukari. Naweza kujiita mwelimishaji wa kisukari?

Unaelimisha, ndiyo. Jina lenyewe si la kugombania.

Tangu serikali izindue CHP zaidi ya 100,000 Septemba 2023, wengi walipewa mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari. Marupurupu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na anayelipwa hivyo hatumwi kozi ya dola. Pamoja na hayo, wewe ndiye unayefika kwenye boma ambalo halijawahi kuona kliniki. Utafiti wa taifa wa STEPS wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi hapa Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Kazi yako ya kwanza iko hapo.

Jua mipaka yako. Pima, andika, eleza, tuma kituoni. Usibadilishe dozi, usisimamishe dawa, usimwambie mtu "una sukari" kwa kipimo kimoja cha kidole alichofanyiwa baada ya kunywa chai. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika 7.0 mmol/l, au ya wakati wowote inayofika 11.1 kwa mtu mwenye dalili, inahitaji kuthibitishwa na wenye leseni. Ukikuta kipimo chini ya 3.9, mpe kitu chenye sukari papo hapo, vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, mpime tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua usimtie chochote mdomoni. Hiyo ni pikipiki, gari, chochote cha kumfikisha hospitali.

Stripu za kupimia sukari zikiisha, nazo huisha, bado una kazi: miguu, chakula, na kumkumbusha mtu tarehe ya kliniki. Dai stripu kwa maandishi kupitia msimamizi wako. Usianze kuwauzia watu.

Mimi si mhudumu wa afya. Nina kisukari miaka mingi, au mtoto wangu anacho. Naruhusiwa kufundisha wengine?

Unaruhusiwa kusimulia, kusikiliza, kusindikiza na kuonyesha unavyofanya. Magharibi mwa Kenya tunajua thamani ya hili kuliko watu wengi. Kliniki za CCC, zile za Ukimwi, ziliimarika kwa sababu wenye virusi walifundishwa, wakapewa kazi inayojulikana, wakakaa mezani na wenzao. Kisukari hakikupata jeshi hilo, na kwa maoni yetu ni kosa kubwa la kupanga, kwa kuwa watu wale wale wangeweza kazi zote mbili. AMPATH wamejaribu vikundi ambamo wagonjwa wa presha na kisukari wanatibiwa pamoja huku wakiweka na kukopeshana pesa kama chama. Mfano huo unafaa kuangaliwa na kituo chochote kinachotaka kuanza.

Omba kituo kikupe mafunzo mafupi na barua inayosema kazi yako ni ipi. Dozi ya mwenzako si dozi yako.

Kozi ni ya Kiingereza na mifano yake ni ya mkate na tufaha. Wagonjwa wangu wanakula kuon (ugali) na mrenda.

Hili hakuna mtihani utakaokupima, na ndilo litakaloamua kama unafundisha au unahutubia. Kabla ya kwenda kozini tengeneza orodha yako: ugali wa mahindi, ugali wa mtama na muhogo, uji wa wimbi, nyoyo (mahindi na maharagwe), viazi vitamu, omena, kunde, osuga (mnavu), ndizi, embe za msimu. Katika kila somo la wanga, weka chakula chako mahali pa chao. Ugali usiupige marufuku, hakuna atakayekusikiliza. Shika bonge lenyewe mkononi mezani, ligawanye mbele ya mgonjwa, umwonyeshe kipande chake na sahani iliyobaki ijae mboga. Mwambie mkewe au mumewe awepo, maana anayesonga ndiye anayepima.

Usisahau miwa. Uko Mumias, Muhoroni au Nzoia na hujauliza kuhusu miwa, hujauliza chochote. Mtu atakuambia haweki sukari kwenye chai, ni kweli kabisa, na ameshinda shambani akitafuna.

Yapo na mengine ambayo kitabu hakina. Matanga: mtu analala nje siku tatu, dawa imebaki nyumbani, chakula kinaliwa saa sita usiku. Ramadhani kwa Waislamu wa Mumias na Kisumu, ambapo mazungumzo ya dozi yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, pamoja na daktari. Mtu aliyeombewa akaambiwa amepona. Huyo usibishane naye. Mpime, mwonyeshe namba, mwombe arudi wiki ijayo apimwe tena.

Ni jambo gani ambalo kozi lazima inifundishe kwa mikono, si kwa slaidi?

Insulini. Ukiona ratiba ya kozi haina saa ya kushika sindano, tafuta nyingine.

Uweze kumwonyesha mtu kuanzia kunawa mikono. Insulini ya maziwa, ile yenye ukungu mweupe, inaviringishwa polepole kati ya viganja, haitikiswi. Ukichanganya, ile angavu inavutwa kwanza, ya maziwa inafuata. Mgonjwa avute mwenyewe mbele yako, adunge chungwa, arudie. Wengi husema "nimeelewa" na vidole havijaelewa. Mzee ambaye macho yamefifia atavuta uniti 20 akiamini ni 12, na hutajua mpaka umwombe akuonyeshe. Shika tumbo na mapaja yake: ukikuta vinundu vigumu, amekuwa akidunga mahali pamoja kwa miezi, na insulini inayoingia hapo haifanyi kazi ilivyopangwa. Mwongoze ahamie sehemu nyingine, na umjulishe daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla dozi ikibaki ile ile.

Angalia na bomba la sindano lenyewe. Insulini yetu ni ya uniti 100 kwa mililita. Ikivutwa kwa bomba la uniti 40, alama ya 10 inabeba uniti 25. Mwambie kila mgonjwa alete bomba analotumia, usimwulize tu.

Kisha uhifadhi. Chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne mahali pa baridi. Kwa nyumba isiyo na friji, chungu chenye maji kilichowekwa kivulini kinapunguza joto vizuri. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 matokeo ya Dagahaley, kambi ya Dadaab: insulini iliyokaa kwenye joto la nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu ikilinganishwa na ya friji. Hiyo ni faraja kwa mgonjwa wa Nyakach anayetupa chupa kwa hofu. Si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya matatu.

Baada ya insulini, miguu. Vua viatu vya kila mgonjwa, angalia katikati ya vidole, uliza kuhusu kwenda shambani bila viatu. Dakika tatu tu.

Nimesomea kisukari, nikahamishiwa wodi ya kujifungulia. Nifanyeje?

Hutokea kila mahali na hakuna sheria inayozuia, kwa kuwa, kama tulivyosema juu, kada hiyo haipo kwenye karatasi za utumishi. Andika barua ukionyesha mafunzo uliyopata na nani ameyagharamia. Fedha za kaunti zikihusika, msimamizi atafikiri mara mbili. Omba angalau siku ya kliniki ya sukari ibaki yako. Kabla ya kuondoka, fundisha mtu mmoja na umwachie daftari. Wodini pia una kazi: sukari ya ujauzito ipo na inapita bila kuonekana.

Nitaongezwa mshahara?

Kwa cheti cha kisukari pekee, usitarajie.

Nitajuaje kozi si utapeli?

Mwulize mwenye kozi namba yake ya idhini ya CPD, kisha uthibitishe kwa baraza lako, si kwake. Kwa cheti cha nje ya nchi, KNQA ndiyo inayotambua na kulinganisha sifa za kigeni na ngazi za Kenya. Kozi inayoahidi cheti siku hiyo hiyo, inayolipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na isiyoweza kukutajia mkufunzi mmoja mwenye leseni, iache ipite.

Nikihamia kaunti nyingine, mafunzo yangu yanatambuliwa?

Leseni yako ni ya taifa, inakwenda nawe. Cheti cha IDF au cha chuo pia. Yanayobaki nyuma ni mafunzo ya kazini yasiyo na karatasi, kwa hiyo kabla ya kuondoka omba barua kwa mkuu wa kituo inayotaja kliniki uliyoendesha, tangu lini, na kazi ulizofanya kwa mikono yako: kuanzisha mtu kwenye sindano, kupima miguu, kufundisha vikundi. Iwe na muhuri. Majina ya wagonjwa yasiwemo humo wala kwenye picha unazobeba, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata wao. Fika kaunti mpya, ipeleke kwa msimamizi wa magonjwa yasiyoambukiza wiki ya kwanza, kabla hujapangiwa zamu.